Mguu wa Baba Mkwe Kwenye Kioo

Nilikotoka mimi, kule magharibi mwa Kenya, mwanamume hatanii na baba wa mke wake. Anamsalimia kwa adabu, anakaa mbali kidogo, anakula kinachowekwa mbele yake na kushukuru. Nilijiandaa hivyo mzee alipokuja kuishi nasi Hallonbergen, pembeni mwa Stockholm huku Uswidi, akitokea Burundi kwa kupitia kambi za Tanzania. Hakuna aliyenionya kwamba utani wote ungetoka kwake.

Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti baada ya kukanyaga bomu lililotegwa ardhini. Hospitali ya hapa ilimpa mguu wa bandia, mzuri, wenye kiatu chake, naye akaufanya mwenzake wa safari. Kwenye treni ya chini ya ardhi aliuvua na kuuketisha kwenye kiti cha pembeni. Abiria akija, mzee alinigeukia. "Mkwe, mwambie kiti kina mtu, ila hajafika mwili mzima." Mimi nilimwambia abiria kwa Kiswidi kwamba mzee anaomba radhi, kisha nikaupakata ule mguu mpaka tuliposhuka.

Kiswidi chake kilikuwa cha salamu na cha dukani, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Mke wangu alikuwa muuguzi na zamu zake hazikutabirika. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo na nafundisha hesabu nusu siku.

Jumapili moja, baada ya ibada ya Kiswahili kwenye kanisa tuliloazimwa Rinkeby, alikuja mama mmoja Mswidi, mrefu, mwenye mvi, na ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi kama aliyemenya ndizi mbichi. Alikuwa mpiga picha. Alieleza, nami nikatafsiri, kwamba anapiga picha kwa njia ya kale, kwenye vioo vilivyopakwa dawa, kama zilivyopigwa kamera ilipokuwa bado kitu kipya duniani. Alikuwa anaandaa maonyesho kuhusu yale ambayo vita huwafanyia watu. Angeweka picha za askari wa zamani, wa vita vya mwanzomwanzo kupigwa picha, na kando yake picha mpya za watu wanaoishi Stockholm. Akauliza kama kati yetu kuna aliyepitia vita.

Kwa kanisa letu, hiyo ilikuwa sawa na kuingia sokoni na kuuliza kama kuna mtu anayejua nyanya. Watu walitazamana. Kisha baba mkwe akanyoosha mkono.

"Mwulize anataka nije na mguu au bila mguu."

"Vyovyote atakavyo yeye," yule mama akajibu.

"Basi mwambie nitauleta, lakini tutakaa mbalimbali."

Studio yake ilikuwa chini ya jengo la zamani huko Södermalm, na ilinuka kama wodi. Kabla ya kuanza alitutandazia mezani nakala za picha zake za kale. Nilidhani nitaona mashujaa juu ya farasi. Walikuwa vijana wa vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, wameketi kwenye viti vya kawaida, shati limefunguliwa, na mkono haupo. Mwingine hana miguu yote miwili na amechana nywele vizuri. Yule mama alisema baadhi yao walipigwa picha kwa amri ya madaktari, ili madaktari wengine wajifunze kukata. Halafu zikaja picha za mashamba, na watu wamelala ndani ya nyasi.

Baba mkwe alizipitia zote, akarudi mwanzo, akazipitia tena.

"Mwulize mbona hakuna hata moja watu wakipigana. Zote ni za baada."

Yule mama alieleza kwamba kamera ya wakati ule ilikuwa nzito na ya polepole. Kitu kikisogea, kioo hakikukipata, au kilikipata kama moshi. Waliotoka vizuri ni majeruhi waliokaa kitini, na maiti, kwa sababu hawakutikisika.

Mzee aliitazama ile picha ya shamba.

"Kwa hiyo aliyekimbia hakuonekana," akasema. "Mwambie hata sisi tulipenda iwe hivyohivyo."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Yule mama alikwenda kuandaa kioo chake.

Baba mkwe aliketi kitini na koti lake la kanisani, suruali imekunjwa juu ya kigutu, mguu wa bandia umeegemezwa ukutani nje ya picha. Nyuma ya kisogo chake yule mama alisogeza chuma chenye vidole viwili cha kushika kichwa kisicheze. Mzee akaniuliza kama hiki nacho kilitoka hospitali. Kisha mpiga picha akaingia chini ya kitambaa cheusi, akatoka, akasema kwa sauti ya upole kwamba sasa mzee atulie kabisa, na avifikirie vita.

"Anasema uvifikirie vita, Baba."

"Mwambie nimevifikiria miaka mingi bila kuombwa. Leo namfikiria yule samaki wa kukaanga aliyebaki jana, kama hujamla."

"Anasemaje?" mpiga picha akauliza.

"Anasema yuko tayari."

Nilikuwa nimemla. Nadhani alilisoma hilo usoni mwangu, kwa maana kifuniko cha kamera kilipofunguliwa nilimwona anaanza kutikisika mabega. Kioo kilipotoka kwenye dawa, koti lilionekana kila kifungo, mikono ilionekana kila mshipa, na juu ya kola palikuwa na wingu. Mpiga picha alisikitika. Mzee alifurahi mno, akasema hiyo ndiyo picha ya kwanza inayofanana naye.

Ya pili alitulia. Sijui alifikiria nini, wala sikumwuliza. Uso ulitoka wote, mpaka kovu dogo la kwenye nyusi ambalo mimi, niliyekula naye kila siku, sikuwa nimeliona. Tulisimama watatu juu ya sinki tukikitazama kile kioo kikisafishika, na mimi nilishikwa na haya, kama niliyefungua mlango wa chumba chake bila kubisha.

Yeye ndiye aliyeona kasoro.

"Mkwe. Huyu mama amenikata mguu mzima."

Nikatazama. Kweli, kwenye kioo mguu wa kushoto ulikuwepo, umevaa kiatu, na wa kulia ndio uliokatika.

"Bomu lilichukua wa kushoto, yeye amechukua wa kulia. Sasa nirudi Hallonbergen kwa tumbo?"

Mpiga picha alieleza kwamba picha ya kioo hutoka kama unavyojiona kwenye kioo cha kujitazamia, kushoto kunakuwa kulia. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani kwa picha za kioo na za bati; ikichapwa upya kwenye karatasi ndipo hurudi sawa. Baba mkwe akaomba aletewe tena wale askari. Akauliza ni askari gani walipigwa moja kwa moja kwenye kioo au bati, bila kuchapwa upya kwenye karatasi. Mama akamwonyesha, naye akawa anawaita mmojammoja.

"Huyu naye ni mwenzangu. Ameumia kulia, wamempa kushoto. Na huyu. Masikini, mama yake alipoletewa hii alilia upande usiokuwa wenyewe."

Yule mama alicheka mpaka akajipaka weusi shavuni. Mzee naye alicheka, ila aliishika ile picha ya mwisho muda mrefu kuliko mzaha ulivyohitaji.

Maonyesho yalifunguliwa majira ya kuchipua, kwenye ukumbi mdogo karibu na maji. Picha yake ilitundikwa kati ya askari wawili wa kale. Mke wangu alikuwa amepata ruhusa kazini, tukaenda watatu. Baba mkwe alisimama chini ya uso wake mwenyewe, amevaa suti, kama mwenye nyumba anayepokea wageni, nao wageni walikuja na sauti zao za msibani kumwuliza ilikuwaje.

Wa kwanza aliambiwa ni mamba. Wa pili aliambiwa kwamba jirani aliuazima mguu, akahamia Uganda nao. Wa tatu, bwana mmoja mwenye miwani, aliambiwa kwamba ulikatwa na mpiga picha, na kama haamini alinganishe na picha. Nilitafsiri yote kwa uso mkavu. Yule bwana alilinganisha kwa makini, akaondoka taratibu.

"Baba, utatuaibisha," mke wangu akamwambia.

"Wameniuliza kwa huruma nyingi, nikaona niwape kitu cha kwenda nacho nyumbani."

Alituacha hapo, akatembea hadi kwenye kabati la kioo katikati ya ukumbi. Ndani yake mlikuwa na vikasha vidogo vya ngozi, vimefunguliwa kama vitabu, na katika kila kimoja sura ya mwanamke. Maelezo yalisema hizo ni picha ambazo askari walizibeba mfukoni kwenda vitani. Wanawake hao hawajulikani ni nani. Nilimsomea. Akaniomba nimsomee tena. Mgeni mwingine alikuja na swali lake la mguu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mzee hakumjibu kitu.

"Hata hawa waliokwenda kufa walikuwa na picha," akasema baadaye. "Mimi nimebaki hai na sina hata moja."

Alimaanisha mke wake, mama wa mke wangu. Picha yao ya pekee iliungua pamoja na nyumba. Mama huyo alifariki kambini kwa homa, na huko hakuna aliyekuwa na kamera.

Akanigeukia. "Mwulize huyu mama kama anaweza kumpiga picha binti yangu. Akae nitakavyosema mimi."

"Baba," mke wangu akasema, "mimi siye Mama."

"Najua. Mama yako alikuwa mzuri zaidi."

Mke wangu hakutaka. Alikataa ndani ya treni, akakataa tukila. Siku chache baadaye nilimkuta kabatini anatafuta kitenge.

Pale studio baba yake alisimamia kila kitu. Kilemba kifungwe juu zaidi. Mikono ishikane, hapana, wa kulia juu. Mpiga picha alimtii kama mwanafunzi. Chuma kikashika kisogo, kifuniko kikafunguliwa, na katikati ya ule utulivu mzee akasikika kutoka gizani, "Inua kidevu." Mke wangu, bila kugeuza kichwa, akasema, "Baba, nyamaza basi."

Kioo kilipooshwa, macho yalikuwa wazi, mashavu yalikuwa wazi, na mdomo ulikuwa ukungu. Mpiga picha akasema turudie.

"Asirudie," baba mkwe akasema. "Mdomo haukutulia. Ndiye."

Halafu akatusimulia jambo ambalo mke wangu hakuwa amewahi kulisikia. Siku ya bomu alikuwa ameingia kwenye shamba lake mwenyewe kuchuma maharage. Mke wake alimfunga mguu kwa kitenge, akampakia nyuma ya baiskeli na kuisukuma hadi barabara kuu. Mama huyo aliongea njia nzima bila kupumzika, alimgombeza kuhusu paa linalovuja, kuhusu ndugu zake, kuhusu mbuzi aliyeuzwa vibaya, ili asilale. "Nilitamani sana kulala," mzee akasema. "Sikupewa nafasi."

Mke wangu alimshika mkono, na mpiga picha, ambaye sikuwa nimemtafsiria hata neno moja, alikwenda kuosha sinki lililokuwa safi.

Kile kioo kilikaa juu ya meza ndogo chumbani kwa baba mkwe. Wamama wa kanisani walipokuja kutusalimu aliwaonyesha, akawaambia ni marehemu mke wake, alipigwa picha Bujumbura akiwa bado msichana. Picha ilikuwa na sura ya kale kweli, hawakuwa na sababu ya kushuku. Waliipokezana kwa mikono miwili. Mmoja wao alimtazama mke wangu aliyekuwa amesimama na birika, akaitazama picha, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mama alikuwa mzuri jamani," akasema. "Binti hakumfuata hata kidogo. Amechukua upande wako, Baba."

Mzee alikubali kwa unyonge kwamba ni kweli. Mke wangu akamwongezea yule mama chai, akamwambia asante.