Gesi ya Mbio, Plagi za Kawaida

Juzi nilikuwa gereji moja pale Mingoyo, gari langu likitengenezwa, alipoingia jamaa na kigari cheusi. Kwenye buti alikuwa na mtungi aliouagiza Dar, wa gesi ya kupuliza kwenye injini ili gari lipate mbio za ghafla. Alikuwa ameufunga mwenyewe, akataka fundi amkagulie mipira ya kupitishia gesi tu. Hakutulia: mara azungushe funguo kidoleni, mara achungulie barabara.

Fundi akafungua plagi moja ya injini, akaiweka kiganjani.

"Hizi zimekuja na gari?"

"Ndiyo. Zinachoma vizuri tu."

"Kwa petroli peke yake, sawa. Ukiongeza gesi hiyo, joto linazidi, ncha inageuka kaa la moto, pistoni inatoboka. Tafuta kwanza plagi za kuhimili joto hilo, mdogo wangu."

"Wiki ijayo, kaka. Leo najaribu mara moja tu."

"Mara moja inatosha," fundi akasema, akairudisha plagi.

Jamaa akaondoka. Tulisikia injini ikipanda kuelekea Lindi, ukafuata mlio kama wa baruti, kisha kimya. Fundi akachukua kamba ya kuvutia gari, akawasha gari la gereji, nami nikapanda.

Tulimkuta ameketi kando ya gari linalofuka moshi, mzima.

"Sekunde tano hazikufika," alisema.

Fundi hakumsuta. Alifunga kamba tu. Mimi ndiye niliyeona haya, maana asubuhi ile nilikuwa nimemwambia fundi aziache breki zangu za nyuma bila kuzikagua, nina haraka. Tuliporudi nilimwomba azifungue, nikaagiza chai.