Jirani wa Miguu Minane

Kliniki yetu ya mifugo humwita mpimaji wetu wa maabara Mama Kupe. Miaka ishirini sasa anapima damu ya mbwa, na haamini neno la mwenye mbwa yeyote. Ukimwambia, "Jirani kamlisha sumu," atakujibu, "Jirani wa miguu minane?" Kisha humchoma mbwa sikioni, hupaka tone la damu kwenye kioo, na chini ya hadubini hukuonyesha vijidudu vinavyoletwa na kupe.

Juzi aliingia amembeba mbwa wake mwenyewe, fizi nyeupe kama karatasi.

"Daktari, ni yule wa ng'ambo ya ukuta!" alifoka. "Tangu tugombane ananitazama kwa kijicho. Kamlisha sumu!"

Nilimeza kicheko. Nikapaka damu, nikamsogezea hadubini. Aliinama, akaviona vijidudu vile vile. Kisha akalifunua sikio la mbwa: kupe walikuwa wamejipanga humo, wameshiba kama kunde zilizorowekwa.

Nilimdunga mbwa sindano, nikamwambia Mama Kupe, "Umeona, mama? Si sumu."

Akamng'oa kupe mmoja, akamgeuzageuza mwangani.

"Nimeona," akasema. "Lakini huyu si wa kwangu. Huyu katoka ng'ambo ya ukuta."