Nilimnywesha Chai kwa Makofi

Nilikosa. Sitafuti wa kunitetea, na ukimaliza kusoma ukanilaani, laana hiyo ni halali yangu.

Mimi ni mama mkwe, mkulima wa chai hapa Kimulot. Mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya kwanza. Mwanangu hufanya kazi mbali, kwa hiyo tuliishi wawili tu.

Siku moja alirudi kutoka kliniki, akapika mboga za managu na maharagwe, akakamulia limau. Nilipotaka kummiminia chai, akafunika kikombe kwa mkono.

"Mama, sista amesema damu yangu iko chini. Hizi mboga ziko na madini ya damu, lakini chai ikiingia na chakula inazizuia. Nitakunywa baadaye."

Jamani! Mimi nilisikia tusi tu. Chai ndiyo iliyomsomesha mumewe, ndiyo iliyojenga nyumba, leo imekuwa sumu?

"Kwa hii boma hakuna mtu hukataa chai! Wewe ni nani?"

Nilimzaba kofi, sahani ikaruka. Kisha nikashika jembe, nikaenda kwenye mboga za saga na managu alizopanda kando ya michai, nikazikatakata zote huku nikimtukana. Alisimama mlangoni ameshika tumbo, analia.

Tangu hapo kila mlo ulikuwa vita. Ugali, maziwa na chai nzito, nami nimemsimamia na mwiko mkononi. Akisita, namgonga. Midomo ikampauka. Akipanda kilima anahema, nami namwita mvivu. Ee Mungu wangu!

Alijifungulia hospitalini, damu ikamtoka. Daktari alisema wengi huvuja kiasi kile na kupona, lakini yeye hakuwa na akiba ya damu. Mtoto alilia. Mama yake hakumsikia.

Mwanangu alipofika, jirani aliyekuwa akisikia vita vyetu alimweleza yote. Alinikaba shingo, akanibamiza ukutani mpaka wanaume wakamtoa.

"Umeua bibi yangu juu ya chai!"

Alimchukua mtoto akampeleka kwa wazazi wa marehemu. Sijui hata jina walilompa.

Wewe mama mkwe unayesoma, mtoto wa watu akikuambia ameagizwa ale managu, ndengu na maharagwe, na chai ingoje, mchumie hizo mboga kwa mikono yako. Mimi niliilinda heshima ya chai yangu. Sasa naipika peke yangu, naimwaga ikiwa imepoa.