Matumbo ya Samaki Chini ya Mgomba

Iko siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa bado bibi harusi huko Rubondo, kando ya ziwa Nakivale, kichwa juu, siambiliki. Nilitoka Masha, kwa wafugaji, na baba alikuwa amenipa ng'ombe mmoja wa kuanzia maisha. Babu yako alipata kipande cha shamba mteremkoni, juu kidogo ya ziwa, tukapanda migomba. Ikawa myembamba, majani ya njano, maana kila mvua iliteremsha udongo mzuri ziwani. Babu yako akaniambia isipozaa msimu ule, yeye ataenda mjini Mbarara kutafuta kibarua, mimi nirudi kwetu na mtoto wetu mchanga. Nililia sana. Nilimpenda yule mwanaume, ingawa wewe unamjua kwa kukoroma tu.

Jirani yetu alikuwa Mama Faida, mkimbizi kutoka Kongo, mjane aliyepasua samaki mwaloni, wavuvi wanaposhushia. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: asubuhi moja aliniletea beseni la matumbo na mifupa ya samaki, akaniambia niyafukie chini ya migomba.

Sasa, sisi watu wa ng'ombe wa miaka ile hatukula samaki, wala hatukumgusa. Tuliambiwa harufu yake hukausha maziwa. Ningeweza kukataa kwa adabu. Lakini ujana una mdomo, mwanangu. Nikamwambia, "Sisi hatushikagi nyoka ya maji," nikamwaga beseni lote njiani, mbwa wakajilia.

Mama Faida aliokota beseni lake akaenda. Siku nyingi hakunisalimu, na migomba ikazidi kunyauka. Mdharau mwiba guu huota tende.

Baadaye nikapeleka ng'ombe kunywa maji, mtoto mgongoni, nikamkuta Mama Faida ufukweni na kisu chake. Ng'ombe aliingia ziwani hadi magotini, akanywa, kisha akainua mkia. Mavi yalipoanguka, visamaki vikajaa pale pale, vinagombana.

"Mama, ile ng'ombe ni ya nani?" akaniuliza, kana kwamba hajui.

"Ni yangu."

"Basi angalia. Inakula majani kule juu, inakuya kunya humu mu maji. Ile mavi inazaa bidudu, samaki banakula bidudu, banakomaa. Kiboko naye kila usiku ni vile vile. Sasa ulimwanga nini siku ile? Nilikuwa ninakurudishia majani ya ng'ombe yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga magoti pale kwenye matope kumwomba radhi, naye akacheka. "Simama, utalowesha mutoto!"

Tangu siku hiyo akawa ananipa matumbo tena, nami nikayafukia chini ya migomba, pua nimeifunga kwa leso, siku baada ya siku. Ng'ombe aliendelea kutoa maziwa kama kawaida, asijue lolote. Migomba ikanenepa, majani yakawa ya kijani kizito, na kibarua cha Mbarara hakikutajwa tena nyumbani kwetu. Mkungu wa kwanza nilimpelekea Mama Faida. Akaupapasa, akasema, "Leo na mimi nitakula majani ya ng'ombe yako." Tukapika pamoja, yeye na samaki wake, mimi na maziwa yangu, na nisikufiche, nilionja mchuzi.

Shika basi ninalokuambia. Maji hayapandi mlima. Mvua huteremsha nguvu ya shamba ziwani, na wanyama huipeleka kwa mavi yao. Kuipandisha tena ni kazi ya mikono yetu. Ardhi nayo hailambi mkono mtupu. Ukipasua samaki, yale usiyokula yapeleke shambani. Na anayekuletea kheri usimwangalie kabila wala harufu ya mikono, maana mimi nilikaribia kupoteza nyumba yangu kwa kubana pua.

Mungu akupe shamba lisilochoka, mwanangu, na mume wa kula naye hata akikoroma, na akujalie jirani wa kukukemea huku anakupenda.