Mawe Yaliyotakata

Asahel Penniman alizunguka milima ya jimbo la Vermont, Marekani, miaka kumi na mmoja akiokota mawe, na wakulima hawakuchoka kumcheka. "Bwana Penniman, kama shida yako ni mawe, njoo ulime kwangu! Nitakupa bure, na mke wangu atakuongezea pai." Alicheka nao, akala pai, akaendelea. Baraza la jimbo lilikuwa limemtuma kuchora ramani ya miamba yote, ijulikane wapi pana chuma, na wapi mtu asipoteze jasho kuchimba makaa ya mawe yasiyokuwepo.

Kila jiwe alilibandika kikaratasi chenye namba, kwa gundi ya unga wa ngano. Namba ileile aliiandika daftarini: mlima gani, kijito gani, tabaka gani. Bila namba, jiwe ni jiwe tu. Ambacho hakukifanya, na hili linaniuma hadi leo, ni kumweleza dada yake jambo hilo.

Dada huyo, Keziah, alikuwa mkubwa wake, hakuolewa, aliishi naye, na aliamini Mungu hapendi vumbi. Aprili moja Asahel alikwenda mji mkuu kuwasihi wakubwa, maana Baraza lilikuwa limemkatia mshahara. Wakamwambia alete kitabu cha miamba hiyo pamoja na mawe yake kabla ya Oktoba, wakichape. Akishindwa, kazi yote imekwisha. Akarudi mbiombio kwenye matope, moyo umejaa matumaini.

Lakini Aprili ndio mwezi ambao wanawake wa kijiji kile hutoa kila kitu nje na kusugua. Alimkuta Keziah ameketi mlangoni, hoi, anatabasamu. Mawe elfu mbili yalikuwa uani, makubwa nyuma, madogo mbele, yanang'aa.

"Usinishukuru," akasema. "Siku tisa, mwenzangu! Vile vikaratasi viling'ang'ania kama kupe, lakini vimenijua."

"Viko wapi, dada?"

"Nimewashia moto. Mbona umekuwa mweupe hivyo? Kaa, maharage yameiva."

Akakaa, akala. Angefanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ndiye mtu pekee aliyempenda.

Kiangazi kizima alikaa na mawe yale na daftari lake, akijaribu kuyalinganisha. Mia tatu hivi aliyatambua. Mengine, asubuhi aliapa yametoka magharibi, jioni akaapa mashariki. Angeweza kubahatisha, hakuna mtu barazani ambaye angemgundua. Hakubahatisha hata moja. Oktoba alipeleka barua ya mstari mmoja: kitabu hakipo. Kisha akayabeba mawe kwa toroli, akazibia ukuta wa malisho uliobomoka.

"Hatimaye yamepata kazi!" jirani alimpigia kelele.

Safari hiyo hakucheka. Alifundisha watoto hesabu miaka kumi na tisa, wala hakupanda tena mlima wowote.

Keziah alipokuwa akikata roho, alimshika mkono. "Kile kitabu, Asahel. Ulikimaliza?"

"Nilikimaliza, dada."

"Na mawe niliyaosha vizuri, au siyo?"

"Yalitakata," akasema.