Mpokea Watoto wa Kuze

Siamini hadi sasa. Leo asubuhi nimefika mlangoni na tuktuk yangu ya watoto, nikazima injini, nikasubiri Da Zuhura aseme neno lake.

Hakusema mtu. Da Zuhura tulimzika Alhamisi. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Kwa msiomjua, alikuwa msaidizi kwenye chekechea yetu ndogo hapa mtaani Kuze. Hakuwa mwalimu. Ndiye aliyemshika mtoto wa kwanza asubuhi na kumwachilia wa mwisho alasiri. Mimi ndiye dereva anayewaleta.

Alikuwa na desturi yake. Mtoto haingii ndani kwa kusukumwa mgongo. Unamtoa kwa mikono miwili, naye anampokea kwa mikono miwili, anasema, "Nimempokea." Hapo ndipo una ruhusa ya kuondoka, hata kama mvua inakunyeshea kichwani.

Siku yangu ya kwanza nilimteremsha mtoto, nikamwacha atembee mwenyewe hadi kizingitini. Akaniita. "Hamisi, mtoto ni amana, si gunia la mchele. Mrudishe kitini, kisha unipe upya."

Nikamrudisha, nikampa upya, watu wa barazani wakinicheka.

Kazi yenyewe ni yeye aliyenipatia. Nilikuwa nabeba watalii pale Ngome ya Yesu. Nikamwambia napenda watoto ila sikusomea ualimu, na isitoshe mimi mwanamume.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwani watoto wataka mwalimu peke yake? Yuko wa kuwapikia uji. Yuko wa kuwaosha na kuwalaza. Yuko wa kuwaleta na kuwarudisha. Yuko wa kukaa na yule asiyetulia darasani. Wewe wataka ipi?"

Vijana mnaoniuliza inbox kazi za watoto ni zipi, jibu lake ndilo hilo. Zote alizifanya. Alianza yaya kwenye nyumba moja kubwa Kizingo, akaingia jikoni kwetu, akaishia mlangoni. Alisema mlangoni ndipo pagumu, maana pale ndipo mtoto anapojua mama kweli hayupo.

Jumatano alikuwa mzima, ananitania ndevu zangu. Usiku presha ikampanda. Alfajiri tukaambiwa.

Makaburini nilishika ncha ya shuka lililotandwa juu ya kaburi kumsitiri. Kaka yake aliyetoka Lamu alikuwa ndani ya kaburi, amenyoosha mikono. Hajawahi kufika shuleni kwetu. Alipomshika dada yake alisema taratibu, "Haya. Nimempokea."

Nusura niachie shuka. Tangu hapo sauti hiyo haijanitoka. Naisikia nikiosha tuktuk. Naisikia nikiwa nimekaa tu. Tena sasa haiji kwa sauti ya kaka, inakuja kwa sauti ya Da Zuhura mwenyewe.

Leo ndara zake za shuleni ziko pale pale kando ya kizingiti alipoziacha. Hakuna mkubwa aliyeziinua. Watoto wamezikwepa wasizikanyage, hata wale watundu.

Nasra, aliye mdogo kuliko wote, amegoma kushuka. Mwalimu mkuu akambembeleza, "Ingia mpenzi, wenzako washaanza uji." Nasra akanishika shati.

"Siingii. Sijapokewa."

Mwalimu akageuza uso akafuta machozi. Mimi nikawa natazama ule mlango uliokuwa wazi, na naapa nilikuwa bado namngoja.

Kisha nikamwomba mwalimu asimame upande wangu, kwenye tuktuk. Mimi nikaenda kusimama kizingitini, kando ya ndara. Akanipa Nasra kwa mikono miwili.

"Nimempokea," nikasema.

Nasra hakunitazama mimi. Alitazama nyuma ya bega langu kwa muda, kama mtoto anayesubiri mkubwa amkubalie. Halafu akashuka mikononi mwangu, akaingia.

Sikugeuka. Niliogopa kuona ni patupu, na niliogopa vile vile kuona si patupu.

Nimemwambia mwalimu mkuu atafute dereva mwingine, mimi naitaka kazi ya mlangoni. Amekubali.

Da Zuhura, watoto wako wote wameingia ndani leo. Hakuna aliyesukumwa. Na wewe ulitolewa kwa mikono miwili, ukapokewa kwa mikono miwili, nilikuwepo, nilisikia.

Lala salama, dada yangu. Waweza kwenda sasa. Nimewapokea.