Ijumaa Ambayo Ukuta Haukubomolewa

Wenzangu mliokulia kule juu ya Karurumo, najua hamjasahau Ijumaa za poli. Poli ni ile shule ndogo ya ufundi ya kijiji: banda moja la mabati lenye cherehani za ushonaji, na wanafunzi wa ujenzi waliosomea nje, jua liwake au mvua inyeshe. Baridi ya Julai enzi zile ilikuwa kali hadi ng'ombe wanapiga chafya. Uji wa mama ulikuwa mzito, ukipindua kikombe unabaki umening'inia, unafikiria kama utashuka.

Simiti ilikuwa ya matajiri. Kwa hivyo wanafunzi walijenga ukuta wa mawe na udongo kuanzia Jumatatu, Ijumaa Mwalimu Njiru anaukagua, anatoa alama, halafu anapiga filimbi ubomolewe ili mawe yatumike tena wiki ijayo. Kubomoa ilikuwa kazi yetu sisi watoto. Tunatoka shuleni mbio, tunarundikana, tunasukuma, gudum! Vumbi lilionekana mpaka Meru. Siku hizi mtoto anabomoa majumba kwa simu, halafu analalamika kidole gumba kinauma.

Dada yangu mkubwa, Wawira, ndiye alikuwa msichana pekee wa ujenzi. Wavulana walimchokoza, "Wawira, wewe utaolewa na wilbaro!" Anajibu bila kuinua kichwa, "Afadhali wilbaro, inabeba. Wewe unabeba nini?"

Siku moja akaja afisa wa elimu kutoka mjini. Akatazama banda, akatazama wale walioketi nje, akasema muhula ukiisha bila darasa la mawe anafunga shule, wanafunzi wahamie Embu mjini. Kwa Wawira huo ungekuwa mwisho. Baba alikuwa ameshasema, "Msichana wangu apange nyumba mtaa wa Dallas, kule Embu mjini? Labda nikifa, na hata hapo nitaamka nikatae." Wawira alilia jikoni kimya kimya, akisingizia moshi.

Basi wazazi wakachanga simiti, nusu mfuko hapa, debe pale. Akina mama wakabeba mchanga kutoka mtoni wakiimba. Mwalimu akampa Wawira kona, mahali pagumu kuliko pote. Ijumaa ikafika, tukaja mbio kama kawaida, mikono tayari. Mwalimu akasimama mbele ya ukuta kama golikipa. "Leo hakuna kubomoa. Rudini nyumbani!" Tulilia kama tumefiwa.

Afisa aliporudi, kuta nne zilikuwa zimesimama. Akaenda moja kwa moja kwenye kona, akaisukuma kwa bega hadi vifungo vya koti vikaruka. Ukuta hata haukumwangalia.

"Nani alijenga hapa?"

"Yule," mwalimu akasema.

Afisa akamtazama Wawira, akajipangusa vumbi. "Basi, msichana, endelea na masomo."

Kutoka hapo nani angetuzuia? Darasa likazaa darasa, poli ikawa taasisi, taasisi ikawa chuo, na leo ni chuo kikuu cha umma chenye maghorofa marefu hadi mawingu yanaomba njia. Mimi mwenyewe nilipata shahada yangu hapo kwa masomo ya jioni, baada ya kufunga duka, katikati ya vijana wanaosema hawawezi kusoma mtandao ukikatika. Wawira alisoma bila ukuta!

Wawira naye amejenga nusu ya nyumba za Runyenjes, na hiyo nusu nyingine anaikosoa. Majuzi alifika getini pale chuoni, askari kijana akamsimamisha, akidhani ni nyanya aliyepotea.

"Shosho, unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Darasa la kuchora ramani za majengo kwa kompyuta liko ghorofa gani?"

Enzi zetu hapakuwa na geti. Watoto na ng'ombe tuliingia tukitaka, na hilo nalitamani mpaka leo. Lakini pia, ukishajua kujenga kuta nne, masomo yalikuwa yameisha, unarudi nyumbani. Sasa kuna ngazi, na dada yangu anazipanda, mkoba begani, akiyagombeza magoti yake yaharakishe asichelewe kipindi.